Kumtayarisha Mbwa kwa Siku Yake ya Kwanza katika Kituo cha Kulelea Mbwa

Vituo vya kulelea mbwa mchana vimeanza kuzoeleka jijini Nairobi, hasa pande za Karen na Lang'ata, ambako bado kuna viwanja vyenye nyasi na nafasi ya mbwa kukimbia. Mwenye mbwa humpeleka asubuhi akielekea kazini na kumchukua jioni, na baina ya saa hizo mbwa hucheza na wenzake, hulala na kuangaliwa na wahudumu. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Ugumu uko kwa mbwa, kwa kuwa wengi wa mbwa wetu hawakulelewa kwa maisha ya namna hiyo: wamekulia ndani ya ua, hufungiwa bandani mchana na kuachiliwa usiku walinde, humjua mwenye nyumba, watoto wake na bawabu, na mtu mwingine yeyote kwao ni wa kubwekewa. Mbwa kama huyo akitiwa garini asubuhi moja bila matayarisho yoyote, ilhali safari pekee anayoikumbuka ni ile ya kwenda kuchomwa sindano, kisha akaachwa katikati ya mbwa kumi na watano asiowajua, hatacheza. Atajibanza pembeni akitetemeka, au atauma.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na majuma yanayoitangulia siku hiyo kuliko siku yenyewe. Mtoto wa mbwa aliyezoea kubebwa na kuchezewa na watu anaweza kuwa tayari mara tu chanjo zake zinapokamilika, lakini mbwa mzima aliyekulia nyuma ya lango apewe mwezi mmoja hadi miwili, na mwenye mbwa asione haya kuuongeza muda huo.

Je, mbwa wako anafaa kupelekwa?

Swali hili huulizwa mara chache mno, pengine kwa sababu mwenye mbwa anapofika hatua ya kutafuta kituo huwa ameshaamua. Hata hivyo wapo mbwa ambao kituo hakiwafai hata kidogo. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo hatafurahia kusukumwa na vijana wanaorukaruka. Jike aliye katika msimu wa kupandwa, ambao kwa kawaida huchukua majuma matatu hivi na huja takriban mara mbili kwa mwaka, hapokelewi popote penye uangalizi mzuri. Dume ambaye hajahasiwa hukataliwa na vituo vingi akishafikisha umri wa miezi sita au zaidi, kwa kuwa huko ndiko ugomvi unakoanzia. Mbwa aliyekwisha kumuuma mtu au kumjeruhi mbwa mwenzake anahitaji kwanza kuonwa na daktari wa mifugo na mkufunzi anayeaminika, na historia hiyo haifai kufichwa mbele ya kituo kwa matumaini kwamba mambo yatajirekebisha yenyewe.

Yuko pia mbwa wa ulinzi, ambaye hali yake ni ya kwetu hasa na miongozo iliyoandikwa Ulaya au Marekani haimfikirii. Mbwa mzima huhitaji saa kumi na mbili hivi za usingizi katika kila saa ishirini na nne, na mbwa anayezunguka ua usiku kucha huzipata nyingi kati ya hizo mchana. Akipelekwa kituoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha akarudishwa nyumbani kufanya zamu ya usiku, atakuwa anakesha siku mbili mfululizo, na mbwa asiyelala huwa na hasira za haraka kama mtu asiyelala. Mwenye nyumba anapaswa kuchagua: usiku wa kuamkia siku ya kituo na usiku unaofuata mbwa afungiwe alale, na ulinzi uachiwe bawabu, au mbwa asipelekwe kabisa. Njia ya tatu sijaiona.

Chanjo, kupe na kadi

Hapa ndipo panapohitaji kuanza mapema kuliko pote, kwa sababu chanjo haifanyi kazi siku ile ile inapochomwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto wa mbwa akifikisha miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na kuanzia hapo hufuata maelekezo ya aina ya chanjo iliyotumika, ingawa madaktari wengi nchini Kenya huirudia kila mwaka. Kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza kabisa, kinga huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 28. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na mara kwa mara hufanyika kampeni za kuchanja mbwa bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo iliyopatikana katika kampeni ni chanjo kamili, mradi cheti chake kitunzwe.

Chanjo ya pili ni ile ya mchanganyiko inayokinga distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na neva), parvo (virusi vinavyoleta kuhara damu na kutapika), homa ya ini ya mbwa na leptospirosisi. Watoto wa mbwa huanza kuipata wakiwa na umri wa majuma sita hadi manane na huendelea kuirudia kila baada ya majuma machache hadi wanapotimiza majuma kumi na sita, na kabla ya hapo hawapaswi kukanyaga uwanja unaotumiwa na mbwa wengi wasiojulikana. Virusi vya parvo vinaweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Jiki iliyochanganywa na maji huviua juu ya saruji, lakini nyasi na udongo havisafishiki hivyo. Leptospirosisi, ambayo wasomaji wengi wataikumbuka kwa jina la homa ya mgunda tangu ilipotangazwa mkoani Lindi, Tanzania, mwaka 2022, huenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine na huwapata watu pia, kwa hiyo usiruhusu kipengele hicho kiachwe ati kwa kuwa mbwa wako haendi porini. Mbwa anayepata kinga hiyo kwa mara ya kwanza huhitaji sindano mbili zilizoachana kwa majuma mawili hadi manne.

Ya tatu ni chanjo ya kikohozi cha banda, ugonjwa unaoenea haraka popote mbwa wengi wanapopumua hewa moja. Yaani hata mbwa ambaye hajawahi kuugua kwa miaka mingi uani kwake anaweza kurudi na kikohozi hiki baada ya siku moja ya michezo. Ile ya matone ya puani huanza kukinga baada ya siku tatu hivi, ila vituo vingi hutaka ipite wiki nzima au mbili. Ile ya sindano huhitaji dozi mbili kwa anayeanza, na hivyo huchukua karibu mwezi. Si kila daktari huwa nayo, basi mpigie simu kabla ya kufunga safari.

Mwombe daktari abandike kwenye kadi ya chanjo kile kibandiko kidogo kinachobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, kisha atie sahihi na muhuri wake. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, isiyo na kibandiko wala muhuri, inaweza kukataliwa langoni, na kwa haki kabisa. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na si utovu wa adabu kumwuliza anayekuja na sindano nyumbani kwako namba yake ya usajili.

Kupe nao hawana msimu wa kupumzika katika mazingira yetu. Huambukiza magonjwa ya damu ambayo wafugaji huyajumlisha kwa jina la homa ya kupe: mbwa hupoteza hamu ya kula, fizi zake huwa nyeupe, joto la mwili hupanda juu ya lile la kawaida la 38 hadi 39 za selsiasi, na wakati mwingine mkojo huwa mweusi mweusi au pua hutoka damu. Dalili hizi hazingoji kesho. Kinga iliyo rahisi zaidi ni kidonge cha kutafuna, ambacho kutegemea aina yake hukinga kwa mwezi mmoja au kwa majuma kumi na mawili. Kimpe mbwa siku kadhaa kabla ya kwenda kituoni, ili endapo kitamsumbua tumbo iwe nyumbani, mbele ya macho yako. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu inatosha kwa mbwa mzima asiye na tatizo maalumu.

Kukikagua kituo

Nenda bila mbwa, na uende saa ambazo mbwa wako kiwanjani, si jioni pakiwa kimya. Angalia lango kwanza. Kituo kinachojua kazi yake huwa na milango miwili inayofuatana yenye nafasi katikati, ili mmoja unapofunguliwa mwingine uwe umefungwa, maana mbwa akichomoka barabarani Lang'ata saa mbili asubuhi hakuna wa kumkimbiza akamfikia. Angalia kama mbwa wadogo wametenganishwa na wakubwa, kama kuna kivuli na maji masafi katika zaidi ya sehemu moja, na kama kinyesi huokotwa papo hapo. Hilo la kinyesi si suala la harufu tu: katika nchi yetu kuna mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, unaotengeneza vinundu kwenye umio wa mbwa na unaosambazwa na dundu wanaobiringisha mavi, kwa hiyo uwanja usiosafishwa ni chanzo cha ugonjwa ulio mgumu kutibu.

Hesabu wahudumu. Mmoja kwa mbwa kumi hadi kumi na watano ni kiasi kinachostahimilika. Akiwa mmoja kwa thelathini, hakuna anayeangaliwa. Tazama mikono yao pia. Mhudumu anayezunguka na fimbo amekwisha kujibu swali lako kuhusu namna wanavyowatuliza mbwa, na unaweza kuaga kwa heshima ukaenda zako. Uliza ni daktari gani wanayemwita mbwa akiumia, nani hulipa, na kama hufanya siku ya majaribio kabla ya kumpokea mbwa mpya. Kituo kinachokubali mbwa yeyote kwa simu, bila kumwona na bila kudai kadi, kitakuwa kimewakubali na wengine hivyo hivyo.

Mazoezi ya nyumbani

Mambo ambayo mbwa wa uani huwa hajafundishwa ni manne: kuongozwa kwa kamba, kuguswa na mtu asiye wa nyumbani, kusafiri kwa gari na kuachwa ugenini. Yafanyieni mazoezi kila siku kwa muda mfupi, dakika tano hadi kumi, na anayeyafanya awe yule anayemlisha mbwa. Katika nyumba nyingi huyo si mwenye nyumba bali ni mtunza bustani au bawabu, na ni busara kumshirikisha tangu mwanzo badala ya kumpa maagizo nusu nusu.

Kamba huwa ngumu kwa mbwa aliyezoea mnyororo, kwa sababu shingo yake imejifunza kwamba kuvutwa maana yake ni kufungwa. Mvalishe kola bila kamba kwa siku kadhaa, ikiwa imelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili kati yake na shingo. Ikifika siku haijali tena, funga kamba nyepesi umwache aiburure uani huku ukimwangalia isije ikanasa. Ndipo uishike, bila kuvuta: akitembea upande wako mpe kipande kidogo cha ini lililochemshwa, akikaza kwenda mbele simama kama mti mpaka kamba ilegee. Baada ya siku kadhaa toka naye nje ya lango alfajiri, kabla ya bodaboda na wanafunzi kuijaza njia. Lengo si gwaride. Inatosha mbwa aweze kukabidhiwa mkononi mwa mtu mwingine na kutembea hatua ishirini bila kujitupa chini wala kujaribu kuivua kola.

Kuguswa kunataka subira zaidi, na hapa ndipo ninaposhauri muda mwingi utumike, kwa kuwa mhudumu wa kituo hana budi kumshika mbwa kola, kumfuta miguu na kumtazama masikio siku ya kwanza. Anza wewe mwenyewe. Weka kiganja begani, hesabu moja, toa kiganja, mpe kitu cha kula. Rudia mpaka unapogusa bega mbwa ageuze kichwa kutazama mkono wenye chakula badala ya mkono unaomgusa. Ishara hiyo ndiyo inayokuruhusu kushuka hadi kwenye goti, kisha hadi kwenye wayo. Ushike wayo kwa upole, utanue vidole viwili, uuachie. Akivuta mguu au akilamba midomo ilhali hakuna chakula kilichomfikia, umekwenda upesi, rudi begani. Fanya vivyo hivyo masikioni, mkiani na mdomoni.

Mbwa akishakukubali wewe kila mahali, mwite rafiki au jirani ambaye mbwa hamjui vizuri. Mgeni huyu asimkodolee mbwa macho, asiiname juu yake na asimnyooshee mkono wa kunusa kama wengi wanavyofanya. Asimame ubavu, azungumze nawe kama kawaida, na adondoshe vipande vya nyama chini bila kumjali mbwa. Mbwa ndiye atakayeamua lini amsogelee. Kwa mbwa wa ulinzi hatua hii inaweza kuchukua majuma, na ifanyike mbali na lango, kwa sababu langoni ndipo mahali pake pa kazi. Ikitokea akamchubua mtu kwa meno katika mazoezi haya, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo apelekwe hospitali hata kama mbwa ana chanjo zote.

Gari ni jepesi kidogo. Mlishe mbwa ndani ya gari lililozimwa, milango ikiwa wazi. Siku nyingine washa injini bila kwenda popote. Halafu nenda naye hadi kona ya mtaa na kurudi. Usimtie garini kwa kumbeba akipiga kelele, maana utakuwa umemthibitishia hofu yake. Kwa anayetapika, safari ya mazoezi ifanyike tumbo likiwa tupu kwa saa kadhaa na dirisha likiwa limefunguliwa kidogo, na kama bado anatapika daktari anazo dawa za kutuliza kichefuchefu. Kumbuka kwamba foleni ya Ngong Road hugeuza safari ya robo saa kuwa ya saa nzima, kwa hiyo mbwa anayevumilia dakika kumi tu bado hajawa tayari. Na asiachwe peke yake katika gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kununua mkate.

Kuachwa ugenini ni tofauti na kuachwa nyumbani. Mbwa anayeshinda peke yake uani kila siku anaweza kulia sana akiachwa mahali ambapo hakuna harufu yoyote anayoijua. Mpeleke kwa ndugu au rafiki mwenye ua uliofungwa, keti naye kidogo, kisha toka kwa dakika chache na urudi bila makeke. Ongeza muda hadi saa moja, halafu saa mbili. Ukiweza kumwacha huko akalala usingizi, kazi kubwa imekwisha.

Limebaki la kukutana na mbwa wengine. Mtafute mbwa mmoja mtulivu, aliyechanjwa, ambaye mmiliki wake unamfahamu. Usifanye mazoezi haya na mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe, hata wakiwa wapole kiasi gani, kwa sababu hujui wamebeba nini. Watembezeni mbwa hao wawili upande mmoja wa njia, wakiwa wameachana kwa umbali ambao kila mmoja anamwona mwenzake bila kukaza mwili, na msogeze kidogo kidogo. Mbwa anayetaka kucheza huinamisha kifua hadi karibu na ardhi huku matako yakibaki juu, mwili wake ni mlegevu na huruka kwa kupinda pinda. Anayetaka shari hukakamaa: mkia husimama wima, mdomo hufumbwa, macho hubaki mahali pamoja. Mwenye hofu hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa hadi weupe wa jicho ukaonekana pembeni, au hunusa ardhi pasipo na cha kunusa. Mwenye mbwa akizijua ishara hizi ataelewana vizuri na wahudumu jioni watakapomsimulia yaliyotokea.

Amri mbili zinatosha kwa kuanzia, ya kuja anapoitwa na ya kukaa, ila hakikisha kituo kinaambiwa mnazitamka kwa lugha gani. Mbwa aliyefunzwa kwa "kaa" hatajua anaambiwa nini akisemeshwa Kiingereza siku nzima, na ataonekana mkaidi bure.

Chakula na vitu vya kubeba

Mbwa wengi hula ugali uliochanganywa na omena, matumbo au mifupa, ilhali vituo vingi hulisha chakula kikavu cha dukani. Kubadilisha ghafla huleta kuhara, na kuhara siku ya kwanza kituoni humtia kila mtu wasiwasi wa parvo. Ama beba chakula chake mwenyewe katika chombo chenye jina, ama anza siku kumi kabla kuongeza chakula kikavu kidogo kidogo katika ugali wake. Mifupa isipelekwe kabisa, kwani hakuna kitu kinachoanzisha vita baina ya mbwa haraka kama mfupa. Kola iwe na kibati chenye namba ya simu. Matandiko ya zamani ambayo hayajafuliwa, yenye harufu ya nyumbani, yatamsaidia saa ya kulala, na yasiwe ya thamani kwa sababu huenda yasirudi mazima.

Andika pia karatasi moja yenye jina la mbwa, umri, dawa anazotumia, anachokiogopa, daktari wake, na namba ya mtu wa pili wa kupigiwa simu kama wewe uko mkutanoni. Penye "anachokiogopa" usiandike "hakuna". Ngurumo, mtu aliyevaa kofia ya pikipiki, ufagio: kila mbwa ana lake, na mhudumu akilijua ataepuka kulichokoza.

Siku yenyewe

Omba siku ya kwanza iwe nusu siku, na uwaulize ni siku ipi katika wiki huwa na mbwa wachache. Mbwa alale vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo. Asubuhi mlishe kidogo, angalau saa mbili kabla ya kuanza michezo, au asile kabisa mpaka mchana ikiwa ni mbwa mzima mwenye afya. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa mbwa wenye kifua kirefu kama German Shepherd, ambao nchini Kenya ni wengi, kwa sababu huweza kupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, hali inayoua ndani ya saa chache isipopasuliwa. Kabla ya kuingia garini mtembeze ajisaidie.

Fika mapema kidogo kuliko wengine ili asipite katikati ya msururu wa mbwa langoni. Kabla ya kushuka garini hakikisha kamba imefungwa, kwa kuwa mbwa wengi hupotea kati ya mlango wa gari na lango la kituo. Mkabidhi mhudumu kamba ikiwa imelegea, si wakati mbwa anavuta kurudi kwako. Mwambie maneno yale yale mafupi unayomwambia ukitoka nyumbani kila siku, kisha ondoka. Kumkumbatia, kurudi mara ya pili kumchungulia, kumsemesha kwa sauti ya huruma: hayo yote humwambia kwamba kuna jambo baya linakuja. Kituo kizuri hakitamwingiza moja kwa moja kundini. Kitamweka kwanza mahali penye uzio ambapo atawanusa wengine, kisha kitamletea mbwa mmoja mtulivu, halafu wa pili. Ukipiga simu, piga mara moja, adhuhuri.

Anaporudi nyumbani

Jioni atakunywa maji mengi na kulala kama gogo. Mpe maji kwa vipindi, si beseni zima kwa mara moja, na umpumzishe kabla ya kumlisha. Mpapase mwili mzima kwa vidole, hasa shingoni, nyuma ya masikio na kwenye mapaja, kwa sababu jeraha la jino ni tundu dogo linalofichwa na manyoya na linaloweza kutunga usaha baada ya siku mbili tatu. Tafuta kupe chini ya kola na katikati ya vidole. Kinyesi kilicholegea kidogo siku inayofuata ni cha msisimko; kikiwa na damu, au kikiandamana na kutapika, ni cha daktari.

Usimrudishe kesho yake. Mwache apumzike siku mbili au tatu, kisha umpeleke tena kwa nusu siku na uutazame mwili wake mnapokata kona ya kuingia kituoni. Akisimama garini na kunusa dirisha huku mkia ukicheza, unaweza kumwongezea saa. Akijikunyata chini ya kiti, akitoa udenda au akikataa kushuka, na hali hiyo ikarudia ziara ya tatu na ya nne, hajapapenda, na pesa hizo zitamfaa zaidi zikilipwa kwa mtu wa kumtembeza mchana mtaani kwenu. Kwa aliyepapenda, siku moja au mbili kwa wiki zinamtosha.

Kikohozi cha banda huweza kujitokeza hadi majuma mawili baada ya maambukizi, kwa sauti kavu kama ya mbwa aliyekwamwa na kitu kooni. Ukiisikia, mpigie daktari, mweke mbwa mbali na wenzake, na uwaarifu watu wa kituo siku hiyo hiyo ili nao wawaambie wenye mbwa wengine waliokuwa naye kiwanjani.